Barua kwa Binti Yangu Aliye Kisumu

Nakuru, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma, kisha nikaisoma tena baada ya ibada. Unaniuliza kama uchovu huu, kilo zilizoongezeka ingawa chakula hukukiongeza, nywele zinazobaki kwenye kitana na hedhi iliyozidi ni mambo ya homoni au ni kazi tu inayokuchosha, na kama inafaa kutumia pesa kwa vipimo. Swali hilo nitalifikia. Kwanza nataka kujua utaingiaje kwa daktari, maana msimamo wangu mnaujua, nanyi watoto mmeuigiza mezani miaka yote: daktari hutibu alichoelezwa.

Wewe humjua shangazi yako akiwa na mwili wake wa sasa na kicheko chake. Mwaka 1996, kabla hujazaliwa, alikaa nasi hapa Section 58 akiwa amekonda hata pete ikimtoka kidoleni yenyewe, ilhali alikula kuliko sisi sote. Mwezi wa Julai, baridi ya Nakuru ikituuma mifupa, yeye alilala dirisha likiwa wazi. Kila tulikompeleka alianza kusema kwamba moyo unamwenda mbio na mikono haina nguvu, na kabla hajamaliza alikuwa ameandikiwa dawa ya malaria na ya taifodi. Klorokwini, ile dawa ya malaria, ilimwasha mwili usiku kucha, na baada ya wiki chache tulikuwa tumerudi kwenye foleni ileile.

Miaka ile mtu akikonda, majirani walikuwa wamekwisha kumpa ugonjwa wake. Wateja wa chapati zake walianza kupitia upande wa pili wa barabara, hata baada ya kipimo cha virusi vya UKIMWI kuonyesha kwamba hana kitu. Jamaa yetu mmoja, mtu mzima wa kuheshimiwa, alikuja kunishauri nianze kufikiria shangazi yako atazikwa wapi, na maneno hayo aliyasema huku akinywa chai aliyoipika mgonjwa mwenyewe. Hadi leo hunisalimia tukikutana matangani, nami humwitikia kwa adabu zote, lakini chai ile sijaisahau.

Aliyetufumbua macho ni tabibu kijana wa zahanati, ambaye hakuwa na mashine yoyote ya maana. Alimwambia shangazi yako anyooshe mikono mbele, viganja vikitazama chini, kisha akalaza juu ya vidole karatasi aliyoichana kwenye daftari. Karatasi ilitetemeka hata ikasikika ikichakarisha, na madirisha yalikuwa yamefungwa. Akampa maji ya kunywa, akamtazama shingo alipokuwa akimeza, na sote tukauona uvimbe mdogo ukipanda na kushuka pamoja na koo. Halafu akaketi akauliza mambo ambayo hakuna aliyewahi kuyauliza: joto, usingizi, choo, hedhi, na nani mwingine katika ukoo. Damu ilipelekwa Nairobi, na majibu yakasema kwamba tezi ya thairoidi, ile iliyo shingoni, ilikuwa ikitoa homoni kupita kiasi. Mwanangu, nilicheka kwa furaha hadi watu wa foleni wakachungulia mlangoni.

Utasema, na ni haki yako, kwamba shangazi alikonda akasikia joto, ilhali wewe unanenepa na unavaa sweta Kisumu, mahali ambapo hata mbuzi hutafuta kivuli. Hata mimi nilijibizana na nafsi yangu hivyo hivyo. Lakini tezi ni ileile: ikizidisha homoni, mwili huenda mbio, ikipunguza, mwili huzembea, na matatizo ya namna zote mbili huweza kutokea katika ukoo mmoja. Kwa hiyo habari za shangazi zitaje. Hata hivyo, hedhi nzito hupunguza damu, na damu ikipungua huleta uchovu huohuo na nywele kukatika; mimba changa, kisukari na huzuni ya muda mrefu navyo huchosha. Ndiyo sababu sitaki uingie ukisema una ugonjwa wa homoni. Mpe dalili, umwachie yeye jina. Daktari hutibu alichoelezwa, na akielezwa jina, hutibu jina.

Sasa utauliza, je, shangazi si alieleza? Alieleza, ila hawakumngoja amalize, na hapo msimamo wangu huyumba kidogo, nakubali. Basi andika: ilianza lini, tarehe za hedhi na pedi unazotumia kwa siku, uzani wako wa zamani na wa sasa, na kila kidonge unachomeza. Mama yako ameniambia kuhusu vile vidonge vya kukuza nywele. Vikiwa na bayotini, aina ya vitamini, vinaweza kupotosha vipimo vya tezi, kwa hiyo vitaje, na umuulize daktari uviache siku ngapi kabla ya kutolewa damu. Usinunue kifurushi kizima cha vipimo vya homoni kwa sababu kimetangazwa. Kwa tezi, kipimo cha kuanzia ni TSH, yaani homoni inayoiamuru tezi ifanye kazi, na kikiwa na kasoro ndipo hupimwa homoni ya tezi yenyewe. Pamoja nacho, omba upimwe kama damu imepungua. Ukianza kukosa pumzi, kuzimia au kuumwa na kifua, usingoje miadi, nenda siku hiyohiyo.

Nenda, basi, wiki hii. Kuhusu kama ni homoni, ninachokidhani ninakijua na kalamu inaniwasha, lakini nilifundisha jiografia, sikufundisha tiba, na mama yako amesimama hapa nyuma yangu kuhakikisha kwamba siandiki. Majibu yakitoka, piga picha ya karatasi nzima pamoja na viwango vya kawaida vya maabara hiyo, kwa kuwa hutofautiana kati ya maabara na maabara, unitumie. Usiniandikie kwamba uko sawa ukanyamaza. Ukitaka mtu wa kuketi nawe kwenye foleni, mama yako yuko tayari kupanda matatu ya alfajiri. Mwambie siku tu.

Baba yako