Mbona dawa ya sonona inachelewa kufanya kazi?

SWALI: Shikamoo dokta. Nasoma famasi mwaka wa pili. Dada yangu kaanzishiwa fluoksetini kwa ajili ya sonona, wiki ya pili sasa inaenda kuisha anasema haoni lolote anataka kuacha. Darasani tuliambiwa hiyo dawa inapandisha serotonini, ile kemikali ambayo seli za ubongo zinapelekeana habari, ndani ya masaa tu, sasa mbona mtu hapati nafuu? Halafu nimesoma eti kuna risepta, yani vipokezi vya kwenye seli, zinazoizuia seli isitoe serotonini, mi nilijua risepta kazi yake kupokea tu. Na kama zipo si wazizime tu?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu, mpe dada pole sana. Risepta kweli inapokea, ila angalia imekaa wapi. Nyingi zipo kwenye seli ya jirani, lakini kuna nyingine zimekaa kwenye seli ileile inayotoa serotonini, yani seli inaonja ilichokitoa yenyewe. Ni sawa na boya la kwenye tangi, maji yakipanda linafunga koki. Kwenye panya ziko za aina mbili kubwa. 5-HT1A iko kwenye mwili wa seli, kule kwenye shina la ubongo, ikishikwa na serotonini inafungua njia potasiamu itoke na seli inatulia haipigi umeme, na 5-HT1B iko mwishoni mwa mkia wa seli, yenyewe inabana kalsiamu isiingie, na bila kalsiamu vile vifuko vya serotonini havimwagi.

Sasa njoo kwenye dawa. Fluoksetini na ndugu zake wanaziba pampu inayorudisha serotonini ndani ya seli, kwaiyo inabaki nje, inajaa, na inajaa pia palepale zilipo zile 5-HT1A, seli inaona imezidisha inapunguza kasi. Wanasayansi wa Montreal, Kanada, kina Claude de Montigny na Pierre Blier, miaka ya 1980 walilipima hili kwa panya waliopewa sitalopramu, mmoja wa hao ndugu wa fluoksetini. Baada ya siku 2 seli zilikuwa zimepoa sana, siku ya 7 zimeanza kuamka, siku ya 14 zikarudi kwenye mwendo wa kawaida huku dawa bado inaendelea, manake risepta zilikuwa zimechoka kushtuka. Mi nikiyaangalia hayo matokeo huwa namfikiria mgonjwa aliyekaa nyumbani wiki ya pili anajiona yeye ndo mbovu. Siyo kwamba maelezo yote yameishia hapo, ubongo una mabadiliko mengine ya polepole pia, ila hili ni la kweli na limepimwa.

Kuzizima wameshajaribu. Panya akiwekewa kimrija chembamba kwenye ubongo wa mbele cha kuvuna majimaji, ukampa dawa ya sonona pamoja na dawa ya kuziba 5-HT1A, serotonini inapanda kuliko ukimpa ya sonona peke yake. Mwaka 1994 Francesc Artigas na wenzake wa Barcelona wakawapa wagonjwa pindololi, dawa ya presha ambayo pia inagusa hiyo risepta, na matokeo ya mwanzo yalitia moyo kweli, lakini majaribio yaliyofuata wengine walipata nafuu haraka wengine hawakuona tofauti, ndo maana haijawa dawa ya kawaida. Usije ukamtafutia dada pindololi duka la dawa, tafadhali, hasa kama ana pumu.

Kuhusu kuacha, mwambie asiache kabla hajaongea na daktari wake. Nafuu mara nyingi inaanza kuonekana wiki ya 2 mpaka ya 4, wengine hata 6, na kichefuchefu au kukosa usingizi huwa vinatangulia kabla ya nafuu yenyewe. Ila ukimwona hatulii kabisa, au anaongea habari za kujidhuru, hapo usisubiri tarehe ya kliniki, mpeleke hospitali sikuhiyohiyo na usimwache peke yake njiani.