Jina jipya, duka lile lile

SWALI: Mhariri, nina maduka mawili ya nguo Kariakoo. Nataka kubadili jina na nembo wiki ya Idi. Nianzie wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, anzia BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, si kwa mchora nembo. Hakikisha jina halijachukuliwa, lisajili, kisha nembo iandikishe kama alama ya biashara. Usajili wa jina peke yake hauilindi.

Halafu hesabu stoo: lebo za shingoni, karatasi za bei, mifuko. Hapo ndipo fedha huvuja. Mifuko 2,000 ya zamani ikibaki, ibandike stika.

Wiki mbili kabla, tangaza mlangoni na WhatsApp. Gap, kampuni ya maduka ya nguo ya Marekani, ilibadili nembo ghafla Oktoba 2010. Wateja wakachachamaa, ikarudisha ya zamani ndani ya wiki hivi.

Mabango yote mawili yabadilishwe usiku mmoja, pamoja na Instagram, risiti na jina la Lipa Namba. Hili la mwisho husahaulika sana: mteja akiona kwenye simu jina asilolijua, anasita kuweka namba ya siri.

Wiki ya Idi iache. Wauzaji hawatapata nafasi ya kumweleza mtu chochote.