Vipande vya blanketi havilingani: usivifumue

Dada, nimekuelewa. Umezoea kufuma vitambaa vya makochi kwa kroshia (sindano yenye ndoano), sasa unajifunza mafundo mapya kwa vipande vya mraba, uje uviunge viwe blanketi la mama aliyeko Lushoto. Tatizo kimoja kikubwa, kingine kimepinda. Usivifumue, tafadhali.

Kupinda mara nyingi ni fundo la mwisho wa mstari limerukwa. Kwa fundo refu (lile unalozungusha uzi kwenye sindano kabla ya kuchoma), ukigeuza kazi unapanda na mnyororo wa vitundu vitatu, na huo kwa kawaida huhesabiwa kama fundo la kwanza. Ukirudi, lazima umalizie juu ya mnyororo huo. Katundu hako ka juu kamejificha pale pembeni, ndiyo maana wengi hukaruka. Funga hapo kauzi ka rangi nyingine, na hesabu kila mstari.

Ukubwa kutofautiana ni kawaida: fundo fupi (lisilozungushwa uzi kwanza) hubana, la nyavu (lenye matundu wazi) huachia. Pima kwa rula, tuseme sentimita 15. Kilichopungua kizungushie fundo fupi mpaka kifike, kila kona matatu kwenye tundu moja. Mzunguko wa mwisho uwe na idadi sawa pande zote, hapo kuunga ni raha.

Ukienda Ngamiani, pale Tanga mjini, kutafuta uzi, chukua unene mmoja, na ule wa ukingo ununue wote siku moja. Rangi hubadilika mzigo mwingine ukiingia dukani. Sindano ya milimita 4 au 5 itakufaa.

Hiyo ganzi ya vidole uliyoitaja isikupite hivi hivi. Pumzika, legeza mkono. Ikikuamsha usiku, nenda hospitali ukapimwe, blanketi litasubiri.