Swali: Ndege ya mama ni tarehe 15 saa 03:45, tutoke Morogoro saa ngapi?

SWALI: Habari za kazi kaka. Nipo Morogoro, mama yangu anaenda Muscat kwa dada yetu mkubwa, ndo mara yake ya kwanza kupanda ndege. Tiketi imeandikwa Alhamisi tarehe 15, saa 03:45, anaondokea Dar Terminal 3. Mpango wetu tupande basi Msamvu tarehe 15 saa nane mchana, tushuke stendi ya Magufuli pale Mbezi halafu tuite Bolt, maana nimecheki kwenye ramani ya simu nikaona Mbezi mpaka airport ni dakika 40. Mdogo wangu yeye anasema bora treni ya SGR mpaka stesheni ya mjini Dar. Mama ana miaka 68 na miguu inamsumbua, ana mabegi mawili makubwa. Je muda unatosha? Asante.

JIBU: Salama dada yangu, na mpe mama shikamoo yangu. Kabla ya basi na treni naomba ukaiangalie tena hiyo tiketi, maana kwa mpango huo mama atafika Dar ndege imeshatua Muscat siku nyingi. Saa za tiketi zinahesabiwa kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo 03:45 ya tarehe 15 ni saa kumi kasorobo usiku, usiku ule wa kuamkia Alhamisi. Yaani safari yenu ni ya Jumatano tarehe 14. Mkitoka Msamvu tarehe 15 mchana mmechelewa karibu nusu siku. Hili jambo nalikuta kazini kila mara, na wanaoangukia hapo siyo washamba, ni watu wenye akili zao kabisa, ila macho yanaona "03:45" kichwa kinasoma saa tisa na dakika 45, halafu kila mtu anaweka mchana au usiku kwa anavyopenda. Tiketi yoyote yenye saa inayoanza na 00 mpaka 05, jiulize kwanza "usiku wa kuamkia tarehe ngapi?" halafu uandike kwa kalamu juu ya karatasi, na umwambie na huyo dada aliyeko Muscat ili msije mkapishana mahesabu.

Sasa tupige hesabu, na hesabu ya airport inapigwa kutoka mwisho kurudi nyuma. Ndege inaruka saa kumi kasorobo usiku. Mashirika mengi yanafunga kaunta ya chekini lisaa limoja kabla, kwa hiyo saa tisa kasorobo usiku mlango umefungwa, na hapo hamna cha kubembeleza wala cha "nipo getini hapa". Kaunta zinafunguliwa kama masaa matatu kabla ya ndege. Mama ni mgeni wa mambo haya, ana mabegi mawili, viza yake itaangaliwa pale kaunta, na kabla hata ya kaunta mabegi yanapita kwenye mashine mlangoni, kwa hiyo mimi ningemtaka awe mlangoni pa Terminal 3 saa saba kasorobo usiku, ikizidi sana saa saba. Hiyo ndo saa yenu, 03:45 isahau, hiyo ni saa ya rubani.

Kwa hiyo swali lako linageuka kidogo. Usiku saa sita Dar haina foleni ya kutisha, kutoka karibu kokote unafika. Tatizo lenu ni kwamba mnatoka mkoani na lazima mvuke mji muda fulani, na mkivuka muda mbaya mtaumia hata kama ndege ni usiku wa manane. Ninachowaambia abiria wangu wote ni hiki, muda wa ziada usiutumie njiani, utumie ukiwa umeshafika upande wa uwanja. Masaa manne ya kukaa kwenye gari Ubungo na masaa manne ya kulala gesti Ukonga ni masaa yale yale, ila mama ataona tofauti kwenye magoti.

Basi la saa nane mchana (Jumatano sasa, siyo Alhamisi) silipendi. Msamvu mpaka Mbezi ni kama kilomita 170, ila msizihesabu kwa spidi ya basi kwenye lami tupu. Kuna vibao vya 50 kila kijiji na tochi za trafiki, kuna mizani, ile ya Vigwaza inaweza kukukuta na mstari mrefu wa malori, na kuanzia Mlandizi mpaka Kibaha malori ya bandarini yanakuwa mengi mpaka basi linatembea nyuma ya lori kwa lori. Weka masaa manne. Maana yake mnashuka Magufuli saa kumi na mbili jioni, muda ambao Dar nzima inarudi nyumbani. Dakika 40 ulizoziona kwenye simu ni za muda ule uliocheki, sijui ilikuwa Jumapili asubuhi! Hiyo programu ina sehemu ya kuweka siku na saa ya kuondoka, weka Jumatano saa kumi na mbili jioni uone itakavyobadilika, itakupa kuanzia dakika fulani mpaka fulani, wewe shika ile kubwa. Na bado haijui kwamba kuna msafara.

Msafara niuseme kidogo hapa maana wa mkoani mnausahau. Barabara ya Nyerere ndo njia ya viongozi na wageni wao kwenda na kutoka uwanjani. Akipita mkubwa, trafiki anasimamisha magari mpaka apite, na hakuna ratiba ambayo wewe utaipata. Ukisikia kwenye taarifa ya habari kuna rais wa nchi jirani anakuja siku hiyo, ongeza lisaa bila kujadiliana na mtu.

Kama mtalazimika kuja na basi basi pandeni la asubuhi, saa tatu au saa nne, mfike Mbezi saa saba saa nane mchana. Na pale Mbezi mwambie dereva asiwapitishe Kimara, Ubungo, Mandela mpaka TAZARA. Najua ndo njia inayotajwa, na flaiova ya Mfugale pale TAZARA imesaidia sana tangu 2018, lakini flaiova ile inambeba anayenyoosha na Nyerere kutoka mjini, nyie mtakuwa mnatokea Buguruni kwa Mandela mnataka kukata kulia, kwa hiyo mtakaa chini kwenye taa pamoja na malori. Njia yenu ni Mbezi, Malamba Mawili, Kinyerezi, mnatokea Banana. Banana iko mbele ya uwanja ukitokea mjini, kwa hiyo mkifika pale mnarudi kidogo uelekeo wa mjini na uwanja upo karibu tu. Ni barabara nyembamba na jioni pale Kinyerezi na Banana kunabana, ila mchana inapitika vizuri. Muulize dereva kabla hajaanza safari, "unapita wapi?", akisema Ubungo mwambie mapema, siyo mkishafika Kimara.

Sasa SGR. Mdogo wako yuko sahihi kwenye treni, amekosea stesheni. Mkishuka mjini mmeupita uwanja, mtaanza kuurudia tena kwa Nyerere Road jioni mkiwa pamoja na watu wote wa Ukonga na Gongo la Mboto wanaorudi makwao. Shukeni Pugu. Treni ikitokea Moro inafika Pugu kabla ya mjini, na kutoka Pugu kwa gari mnakuja na Gongo la Mboto, Ukonga, Banana, Majumba Sita, uwanja huo hapo. Jioni nyie mnaelekea mjini wenzenu wanatoka mjini, kwa hiyo upande wenu unakuwa mwepesi. (Asubuhi ni kinyume chake kabisa, Gongo la Mboto kuja mjini saa moja asubuhi usimpeleke mtu mwenye ndege bila masaa mawili mkononi.)

Ila kwenye kukata tiketi muwe makini, kuna treni ya kawaida na kuna ya haraka, ya haraka hairuki tu vijiji, inaweza kuiruka na Pugu. Hakikisha kwenye tiketi kituo cha kushuka kimeandikwa Pugu. Beba kitambulisho. Stesheni ya SGR Morogoro iko Kihonda, siyo pale mjini mlipozoea, na mageti yanafungwa treni haijaondoka na mizigo inapita kwenye mashine kama uwanjani, kwa hiyo na mama mwenye miguu mibovu fikeni lisaa limoja na nusu kabla. Mwendo wenyewe mpaka Dar hauzidi sana masaa mawili. Chagueni treni ya mchana, inayowafikisha Pugu saa tisa mpaka saa kumi na moja hivi, msichukue ya usiku hata kama kwenye karatasi inawahi. Treni hii inatumia umeme, na umeme ni umeme, 2024 shirika la reli TRC wenyewe walitoa taarifa treni imesimama kwa hitilafu wakataja hadi ngedere na bundi, sasa ndege ya Muscat haimsubiri mtu aliyecheleweshwa na bundi.

Pugu tafuteni gari, siyo bajaji, mabegi mawili makubwa na mama na wewe bajaji itawatesa. Kama unaweza ongea na dereva mmoja mapema akusubiri na namba yake ya gari umeipata, maana kwenye hizi app pale Pugu magari siyo mengi kama Kariakoo na madereva wanakansel wakiona mbali. Na huyo huyo mpatane abaki na kazi ya usiku, saa sita na robo awatoe gesti awapeleke uwanjani. Kuanza kuita gari saa sita usiku na simu ina asilimia tisa ni kujitafutia presha.

Gesti tafuteni kati ya Banana na Kipawa, ziko nyingi, nyingine mnaziona barabarani. Chukueni chumba cha chini, siyo ghorofani, mama alale kuanzia saa kumi na mbili, ale, aoge, aswali zake. Kama mna ndugu Ukonga au Segerea hiyo ni bora zaidi, ndugu wa Tegeta mwambie mtamsalimia kwa simu.

Kwa wasomaji wengine mliopo Dar kwenyewe, kifupi. Ndege zinazosumbua siyo za alfajiri, ni zile za saa nne, saa tano usiku, kwa sababu unatakiwa ufike saa moja, saa mbili, kwa hiyo unasafiri katikati ya foleni ya jioni. Hizo toka nyumbani saa tisa alasiri, ukakae uwanjani unywe chai. Wa Mbezi Beach na Tegeta, badala ya Mwenge na Ubungo jaribuni Tangi Bovu, Goba, Mbezi Mwisho, halafu Kinyerezi mpaka Banana, kilomita zinaongezeka lakini gari linatembea. Wa Kigamboni piteni darajani, pantoni siyo usafiri wa mtu mwenye ndege, ukikuta mstari, umekwisha wewe. Mvua za masika Jangwani ikijaa maji, Morogoro Road inafungwa na magari yote yanahamia njia nyingine, hapo ongeza masaa mawili hata kama kwako hakujanyesha. Na kwenye Nyerere Road ujenzi wa mwendokasi umebadilisha sehemu za kugeuzia, dereva ambaye hajapita siku nyingi anaweza kukupitiliza mbele huko kutafuta pa kugeukia.

Narudi kwako dada. Piga simu kwenye shirika la ndege leo, usingoje Jumatano, omba kiti cha magurudumu kwa ajili ya mama, ni bure, wao wanataka kujulishwa kama siku mbili kabla. Atachukuliwa kuanzia kaunta mpaka mlango wa ndege na Muscat atapokelewa hivyo hivyo, hiyo itamwondolea na hofu ya kupotea. Mwambie dereva "Terminal 3" kwa mdomo wako, wengine wakisikia airport wanakushusha Terminal 2 kwa mazoea, ni jengo lingine na kuburuta mabegi usiku kutoka huku kwenda huku siyo kazi ya mama. Wewe huna tiketi kwa hiyo kwenye mashine ya mlangoni utaishia hapo, agana naye nje, na kila kitu anachohitaji, pasi, viza, tiketi, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, namba ya dada Muscat iliyoandikwa kwenye karatasi, viwe kwenye kipochi kimoja anachovaa shingoni, siyo kwenye begi kubwa.

Usiondoke mpaka akupigie kwamba ameshapita uhamiaji. Na tiketi yako ya kurudi Moro kata ya treni ya asubuhi kutoka Pugu, lakini siyo ile ya kwanza kabisa, kwa sababu ndege ikichelewa masaa mawili utataka uwe bado upo pale karibu.