Ulizeni ndugu zenu walikufaje

Huku kwetu mtu akidondoka ghafla akafa majibu ni mawili tu, presha au karogwa, tunazika, tunaanua matanga, basi kila mtu na njia yake. Naombeni tuache hii tabia jamani.

Baba yangu mdogo alikuwa palizi kule Bahi, mzima kabisa, ghafla akashika kisogo akasema kichwa kinapasuka, akatapika, shingo ikakakamaa, mpaka bodaboda inafika hajitambui na hakuamka tena. CT, kile kipimo cha picha ya ndani ya kichwa, ilionyesha damu imevujia kwenye ubongo. Dokta akatueleza kuna mahali ukuta wa mshipa ulikuwa dhaifu, ukatuna kama puto, siku hiyo ukapasuka. Halafu akauliza, kuna mwingine kwenu alikufa hivi? Tukawa kimya, shangazi ndo akakumbuka kaka yao mkubwa naye alianza na kichwa hivyohivyo, ila enzi hizo ilisemwa katupiwa jini.

Sasa ndugu wawili wa tumbo moja wakipatwa na hili waliobaki wanatakiwa wamwone daktari, maana huu udhaifu unaweza kutembea kwenye ukoo, na sigara na presha vinauongezea nguvu. Baba yangu alipelekwa hospitali ya Benjamin Mkapa, mishipa ya kichwa ikaonekana salama ila presha alikutwa nayo 170 kwa 100 na alikuwa hajui kabisa! Leo anameza dawa kila siku, na hata akijisikia vizuri haziachi.

Sio kichwa tu. Flo Hyman, mchezaji wa voliboli wa Marekani, alifia mechini Japani mwaka 1986 akiwa na miaka 31, mshipa mkubwa unaotoka kwenye moyo ulipasuka, kumbe alizaliwa na ugonjwa wa Marfan, ule wa watu warefu sana wenye mikono na vidole virefu. Kaka yake alipopimwa baada ya msiba akakutwa nao pia, akawahi upasuaji.

Kwa hiyo kichwa kikikupiga ghafla kwa ukali ambao hujawahi kuusikia, au kifua kikauma kama kinachanika kuelekea mgongoni, usimeze panado ukalale, nenda hospitali kubwa saa hiyohiyo hata kama ni usiku.

Na ulizeni wazee. Mimi nina daftari, naandika nani alikufa, umri gani, alianza kulalamika wapi. Wengine wanakasirika wanaona unafukua wafu, usilazimishe, anza na mashangazi, wao ndo waliouguza.