Swali la Lugha: Ushirikishaji au Ushirikishwaji wa Umma?

Msomaji wa Nakuru ameuliza: "Katika taarifa ya mkutano kuhusu mahindi yaliyobadilishwa jeni, niandike 'ushirikishaji wa umma' au 'ushirikishwaji wa umma'?"

Yote mawili ni sahihi kisarufi. Asili yake ni Kiarabu, kama ilivyo kwa 'shirika' na 'ushirika'. 'Ushirikishaji' humtazama anayewaita watu, na 'ushirikishwaji' huwatazama walioitwa. Linaloniudhi kwa miaka mingi ni kwamba taarifa zetu zimeyang'ang'ania maneno haya mawili, zikalisahau la tatu, 'ushiriki', ambalo ndilo pekee linalomfanya mwananchi kuwa mtenda.

Ipimeni sentensi hii inayorudi kila msimu: "Wananchi walishirikishwa kuhusu mbegu mpya." Kiambishi -ish- kinamleta mtu mwingine anayesababisha tendo, na -w- kinamgeuza mwananchi kuwa mtendwa. Mtoto hulishwa, ng'ombe hunyweshwa, mgonjwa huogeshwa, na hakuna kati yao anayeulizwa anataka nini. Mkulima aliyeshirikishwa huenda aliketi asubuhi nzima akielezwa jinsi jeni ya bakteria wa udongoni inavyoyakinga mahindi dhidi ya wadudu wanaotoboa mabua, akatia saini karatasi ya mahudhurio, kisha akarudi nyumbani na swali lake lilelile: je, ataruhusiwa kuweka mbegu za msimu ujao? Sentensi ile haisemi uongo, ila inamruhusu mwandishi asitaje kama mkulima huyo alifungua kinywa.

Jambo hili ni zito. Ibara ya 10 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inautaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Oktoba 2022, Baraza la Mawaziri lilipoondoa marufuku ya mazao yaliyobadilishwa jeni iliyowekwa Novemba 2012, kulikuwa na waliokwenda mahakamani wakidai, pamoja na mengine, kwamba umma haukupewa nafasi ya kushiriki.

Wanasayansi wakizungumza na watu wakasikiliza tu, andika kwamba waliwaelimisha. Hakuna aibu katika neno hilo. Wakiulizwa, wakajibu, wakaondoka na hoja za kuufikiria upya utafiti wao, andika kwamba walishauriana, kwa kuwa -an- haikubali upande mmoja. Basi, ndugu msomaji, kama uliwasikia wakulima wakiuliza na kujibiwa, kichwa cha taarifa yako kiwe "Mashauriano"; kama hukuwasikia, andika "ushirikishaji", lakini usiandike kwamba walishiriki.