Maswali na Majibu: Ruzuku za Chipu Marekani

Sheria ya CHIPS ya Marekani, ya kukuza utengenezaji wa chipu (vipande vidogo vinavyoendesha simu na kompyuta), iliyotiwa saini Agosti 9, 2022, ilitenga dola bilioni 52.7, na kati ya hizo bilioni 39 ni za kuvutia viwanda. Haya ndiyo mnayouliza zaidi.

Kampuni ikishinda ruzuku, hulipwa zote kwa mkupuo?

Hapana. Kwanza huja makubaliano ya awali yasiyomfunga mtu, kisha mahesabu hupekuliwa, ndipo mkataba usainiwe. Hata hapo fedha hutoka kidogo kidogo, kadiri ujenzi na uzalishaji unavyofikia hatua zilizoandikwa. Na si nyingi hivyo: TSMC, kampuni ya chipu ya Taiwan, iliahidiwa dola bilioni 6.6 kwa mradi wake wa jimbo la Arizona uliokadiriwa kuzidi bilioni 65.

Kinachobaki nani analipa?

Kampuni yenyewe, mikopo, na punguzo la kodi ambalo wengi hulisahau. Lilikuwa asilimia 25 ya gharama za jengo na mashine; sheria ya 2025 ikalipandisha hadi 35 kwa mitambo inayoanza kazi baada ya Desemba 31, 2025. Mtego uko kwenye tarehe: ujenzi sharti uanze kabla 2026 haijaisha. Kampuni isiyo na kodi ya kukatwa inaweza kulipwa taslimu. Kwangu, hiki ndicho chambo chenyewe.

Fedha zipo, mbona Arizona walichelewa?

Mwaka 2023 TSMC ilisogeza uzalishaji kutoka 2024 hadi 2025, ikisema mafundi wazoefu wa kufunga mashine hawatoshi. Si kazi ya fundi bomba wa mtaani. Mistari ya chipu hupimwa kwa nanomita (sehemu moja ya bilioni ya mita), kwa hiyo bomba la gesi au la maji safi likichomelewa vibaya hutoa chembe zisizoonekana kwa macho, na chembe moja yatosha kuharibu chipu.

Waliopata ruzuku wanaweza kupanua viwanda China?

Kwa miaka 10, vya chipu za kisasa, hapana. Wakikiuka, serikali inaweza kudai ruzuku yote.

Na Kenya ilipata nini?

Mei 2024, Rais Ruto akiwa Washington, serikali ya Marekani ilitangaza kwamba inashirikiana na Bunge lake ili Kenya inufaike na mfuko mwingine wa sheria hiyohiyo, wa dola milioni 500 kwa nchi washirika. Mfuko huo ni wa kuimarisha ugavi na mafunzo. Haujengi kiwanda cha aina ya Arizona. Semiconductor Technologies, kampuni ya chipu ya Nyeri, nayo ilipata ufadhili wa Marekani wa upembuzi yakinifu. Mashine itabidi zinunuliwe kwa fedha nyingine.